Ukungu wa Lenzi ya Kisilu

Kisilu wa Nunguni amewapiga watu picha tangu enzi za filamu. Kama una kitambulisho cha zamani kilichotoka milima ile, na ukijiangalia unaona umenuna hujui ulimkasirikia nani, usitafute mchawi. Ni Kisilu aliyekuambia funga mdomo, inua kidevu, usipumue. Wengine walizuia pumzi mpaka macho yakawatoka, na hivyo ndivyo Serikali inavyowajua hadi leo.

Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, kwenye chumba kimoja kando ya soko, akiwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria na ngazi yake. Wakulima waliotoka kuuza kabichi walisimama mbele ya ile ndege na gambuti zao, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani kwa miguu. Filamu alizisafisha mwenyewe ndani ya ghala la mamake, na kwa miaka mingi mahindi ya nyumba ile yalinuka dawa. Sasa ana miaka hamsini na minane. Ndege imebanduka rangi imebaki mkia, na filamu hata watoto hawajui ni kitu gani. Alinunua kamera ya kisasa, shingo upande, lakini mbele yake akaifunga lenzi ile ile ya chuma aliyoanza nayo, ile wapiga picha wanayoiita ya hamsini, isiyovuta wala kusukuma. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamsogelea. Ukitaka awe mdogo, unarudi nyuma, na uangalie usitumbukie mtaroni.

Tena lenzi hiyo haijilengi yenyewe. Unaizungusha kwa vidole, polepole, mpaka sura ya mtu itulie, ndipo unabonyeza. Wenzake walikuwa na zile za kisasa zinazojilenga kabla hata hujaamka vizuri, na Kisilu alizidharau waziwazi. "Kamera ikishaanza kukufikiria," alipenda kusema, "wewe kazi yako ni nini? Kuibeba kama punda?" Basi wenzake walimwita Jicho, nusu kwa heshima na nusu kwa kumtania, naye alilichukua lote kama heshima.

Sasa namna yake ya kupiga picha ilikuwa kituko. Jicho la kulia lilizama kwenye kitundu cha kamera, na la kushoto alilifumba kwa nguvu zote, shavu likapanda, mdomo ukapinda, jino moja la upande likachungulia. Hakulifumba hivyo siku moja mbili. Ni miaka thelathini na sita. Watoto wa Nunguni walimwigiza njia nzima. Kuna bibi harusi mmoja aliyekataa katakata kumtazama, na picha zake zote akawa anaangalia keki.

Taabu ilianza mwezi wa kwanza mwaka huu. Kila alipoinua kamera, aliona sura za watu zimefunikwa na kitu cheupecheupe, kama mvuke wa sufuria. Akafuta lenzi kwa kitambaa. Mvuke haukutoka. Akaifuta kwa shati, akaipuliza, akaizungusha huku na huku akitafuta mahali sura inapotulia, lakini sura hazikutulia. Alibonyeza kwa kubahatisha. Na alipozitoa zile picha, kweli zilikuwa na kasoro.

Mama Ndeti ndiye aliyemwambia wazi. Huyu ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao kule Mbooni, mwanamke mpole mpaka aguswe. Alikuja studio na picha ya Mwaka Mpya mkononi.

"Kisilu, hebu nisomee hii. Mimi niko wapi hapa?"

"Si ni huyu wa mbele, Mama?"

"Huyu ni mimi? Ule mparachichi nyuma yangu, maparachichi yake unaweza kuyahesabu. Mimi mwenyewe uso sina! Nilishona nguo mpya ili upige picha maparachichi?"

Kisilu akacheka, Mama Ndeti hakucheka. Akaeleza kwamba mwezi wa nane kanisa litatimiza miaka sitini, maaskofu watakuja, wazee waliolijenga wamebaki wanne tu na huenda wasionekane tena wakiwa pamoja. Picha hiyo haiwezi kurudiwa. "Wewe umetupiga picha tangu mimi ni msichana," alisema, na hapo sauti ikalegea kidogo. "Sitaki kumleta mtu mwingine. Lakini ikiwa hivi, nitamleta kutoka mjini Wote. Sema mapema kama huwezi."

"Ni lenzi," Kisilu alisema haraka. "Imeingia ukungu."

Na kusema kweli, hapo hakuwa ametunga uongo. Nunguni ni mahali pa baridi. Kuna asubuhi ukungu unashuka mpaka humwoni mtu anayekuamkua, unamjibu tu kwa kuifuata sauti. Unyevu huo ukiingia ndani ya lenzi, baada ya muda kioo huota ukungu ule mwingine, wa kuvu, unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Kila mpiga picha wa milimani amewahi kupoteza lenzi kwa njia hiyo. Kisilu alikata shauri kwamba ndio huo, na moyo wake ukatulia, kwa sababu lenzi ni kitu cha kutengenezwa.

Akaanza matibabu. Asubuhi aliianika lenzi kwenye mabati, jua liue kuvu. Jioni aliizika ndani ya debe la ndengu, ndengu zinyonye unyevu. Mkewe Ndunge hakuambiwa, na siku moja alipochota ndengu za kupika akachota na lenzi.

"Baba Kyule!" alimwita kutoka jikoni. Kyule ni kifungua mimba wao, anayefanya kazi Thika. "Hii nayo inachukua muda gani kuiva?"

Walicheka siku hiyo. Lakini Ndunge, akiwa anaipangusa ile lenzi kwa kanga yake, akasema kwa upole, "Na kwa nini usiende ukaangaliwe macho?"

Ai! Ungedhani amemtukana. Kisilu alimshika mkono akamtoa nje mpaka uani, akamwonyesha mlima wa ng'ambo. "Unaona wale mbuzi? Hesabu. Ni saba. Mmoja ana kengele. Mtu wa macho mabaya anaona kengele?"

Ndunge akahesabu. Walikuwa saba kweli. Ya kengele alimwachia mwenyewe. Hakusema tena siku ile, ingawa alisema mwezi wa pili, akasema wa tatu, na kila mara alipelekwa uani kuhesabu mbuzi.

Sasa mwezi wa tano ukaja ujumbe. Wapiga picha wa Kitui na Makueni wana kikundi chao kwenye simu, watu ishirini na wanne, na mwenyekiti wao ni Mutisya wa Emali, mtu wa kupenda mikutano kuliko picha. Mutisya akaandika kwamba kampuni moja ya Kijapani inayotengeneza kamera inataka kuunda lenzi mpya, na wakala wake wa Nairobi anakusanya maoni ya vikundi kama chao. Kila kikundi kipendekeze lenzi moja. Moja tu.

Mungu wangu! Kikundi kile, ambacho kwa kawaida hakina habari ila salamu za asubuhi na picha za maua, kiliwaka moto. Ungedhani Wajapani wamezima mitambo wakawa wanasubiri Mutomo iseme neno.

Munyao wa Mutomo ndiye aliyeanza. Huyu alikuwa mshindani wa Kisilu tangu zamani, wa rika lake, mwenye sauti nzito na maneno mengi. Alitaka lenzi ndefu ya kuvuta, ndefu kuliko zote. Alisema kwao Kitui watu hukaa mbalimbali, harusi hufanywa uwanjani, na yeye magoti yake hayataki tena kukimbizana na bwana harusi. "Nataka nikae chini ya hema langu na soda yangu, nimpige mtu akiwa Ikutha."

Mwingine akataka lenzi isiyoingia vumbi. Mwingine, anayezunguka milima ya Mbooni kwa bodaboda, akataka lenzi inayoweza kuanguka. Mutisya mwenyewe alitaka lenzi inayopunguza mwili, kwa sababu maharusi wote wanaomba hicho na yeye amechoka kudanganya. Kisha akaandika Ebla wa Mwingi. Familia yake ni Wasomali wa kutoka Garissa, wenye duka, na yeye hupiga picha za harusi upande wa wanawake, mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Alitaka lenzi ndogo inayoona kwenye mwanga hafifu, ndani ya hema lililofungwa mapazia, bila kuwamulika akina mama kwa taa ya kuwapofusha. Aliandika mistari mitatu tu, na kwa sababu ilikuwa ya maana, hakuna aliyemjibu.

Kisilu akaingia. "Wakubwa kwa wadogo," alisema kwenye ujumbe wa sauti wa dakika tisa, "lenzi ndefu, lenzi fupi, zote ni bure zikiingia ukungu. Waambieni watengeneze lenzi isiyoingia ukungu!"

"Mzee Kisilu," Munyao akajibu, "ukungu wa Nunguni si unaisha saa nne? Subiri jua litoke ndio upige picha. Mjapani atakusaidia nini na hali ya hewa?"

Watu wakavunjika mbavu. Upande wa Kitui, ambako ukungu wa angani huonwa na wasafiri tu, walicheka siku mbili. Kisilu akaeleza kwamba si ukungu wa angani, ni wa ndani ya kioo. Munyao akauliza kama lenzi yake inalala nje. Maneno yakawa mengi hivyo mpaka Mutisya akafurahi sana na kuitisha mkutano Makindu, Jumamosi, saa nne.

Makindu palichaguliwa kwa sababu ni rahisi kufikika kwa wote, ndivyo ilivyoandikwa. Ukweli ni kwamba kwenye lile hekalu la Singasinga msafiri yeyote hukaribishwa chakula, na wapiga picha ni watu wanaojua kupanga safari. Waliketi wakala dengu na chapati, wamefunika vichwa, wametulia kama watoto wa shule, wakashukuru, kisha wakavuka kwenda hoteli ndogo ya karibu kupigana.

Kisilu alikuwa amejiandaa. Alivaa koti. Alisimama akaitoa lenzi kwenye kitambaa kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Ndugu zangu, mnanicheka kwa sababu hamjaona. Basi oneni. Hii lenzi nimeilisha familia nayo. Imewapiga watu picha wakizaliwa, ikawapiga wakiozwa, ikawapiga wakizikwa. Leo imeota ukungu ndani, na hakuna fundi anayeweza kuufikia. Nikiinua kamera simwoni mama niliyempiga picha tangu ni msichana. Naona jivu tupu. Mnajua ni uchungu gani, kumtazama mtu unayemjua na usimwone?"

Hapo hata mama wa chai wa hoteli alisimama na birika mkononi. Kisilu hakuwa amepanga kusema hivyo. Lilimtoka tu.

Lenzi ikazungushwa mezani. Kila mtu aliiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Aisee, uko." "Naona, naona. Hapo kando." "Haki umeota vibaya." Ilipomfikia Munyao, watu walisubiri dhihaka. Munyao akaitazama kwa muda mrefu kuliko wote, akaiweka chini taratibu. "Uko," alisema. "Tena mwingi. Mzee Kisilu, nisamehe."

Ebla alikuwa wa mwisho. Aliwasha tochi ya simu yake akaimulika lenzi kwa nyuma, akaigeuza, akaimulika tena. Aliifunika kwa kitambaa chake na kuirudisha.

Kura zikapigwa. Lenzi ya Kisilu ilipata kumi na tisa kati ya ishirini na tatu waliofika. Walimpigia makofi, Munyao akampa mkono, na Mutisya akavaa miwani kuandika ujumbe wa kampuni kwa Kiingereza cha kuvutia. Kisilu alijisikia kijana. Akawaza kwamba Mama Ndeti atasoma habari hii, atajua kwamba hata Japani wamekubali kosa halikuwa lake.

"Mzee," Ebla akamwambia pembeni, "naomba tuzungumze kidogo hapo nje."

Nje kulikuwa na jua kali na malori yakipita barabara ya Mombasa. Ng'ambo, mwanamke mmoja aliketi na beseni la machungwa.

"Funga lenzi kwenye kamera, Mzee. Mwangalie yule mama wa machungwa. Unamwonaje?"

Kisilu akainua kamera, shavu likapanda, mdomo ukapinda. "Ukungu," alisema. "Ndivyo nilivyowaambia."

"Sasa mwangalie kwa jicho lile lingine."

"Jicho lipi?"

"La kushoto."

Kisilu alimtazama kama amemwambia aandike kwa mguu. Hakuwahi. Akajaribu kufumba la kulia, nalo likagoma. Halikuwa limezoea kuamrishwa. Alilifumba, yakafumba yote mawili. Alifumbua, yakafumbuka yote mawili. Ebla akauma midomo asicheke. Mwishowe mzee alilifunika la kulia kwa kiganja, akabandika kamera kwenye la kushoto, pua ikabanwa huko nyuma, akaizungusha lenzi kwa vidole.

Sura ikatulia.

Alimwona mwanamke mzima. Aliona nywele mbili zilizotoka kwenye kitambaa chake. Aliona hereni, na sikio lililochoka kuivaa, na vumbi jekundu kwenye kope. Aliona chungwa moja lenye jani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kikali, kisafi, kama kilivyokuwa siku zote. Kwa muda mfupi alifurahi kweli, furaha ya mtu aliyepata kitu chake. Kisha akaelewa ni nini alichokuwa anakiangalia.

"Lenzi ni safi," Ebla alisema polepole. "Niliimulika. Haina hata alama. Ni jicho, Mzee. Ukiwa hujashika kamera lile zuri linalisaidia bovu, ndiyo maana huoni tofauti. Ukishika kamera unalifumba lile zuri."

Kisilu akakaa kwenye jiwe la kando ya mlango. Akakumbuka mbuzi saba wa uani. Kumbe ameapa kwa jicho la kushoto miezi yote hii. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Ni upofu?"

"Ni mtoto wa jicho, nafikiri. Mimi si daktari. Nyanya yangu alikuwa na ugonjwa huo. Walimfanyia upasuaji asubuhi, jioni akarudi nyumbani anatukosoa nguo. Wanatoa kile kioo kilichofifia ndani ya jicho, wanaweka kingine."

"Kioo gani?"

Ebla akasita. "Wanakiita lenzi, Mzee."

Kisilu akacheka kidogo, kicheko kikavu kisichofika mbali. Ebla akachuchumaa karibu yake, si karibu sana. "Mimi sitamwambia mtu. Ujumbe utakwenda, ni ujumbe mzuri tu, lenzi za milimani huota ukungu kweli. Wewe nenda hospitali kimya kimya. Hakuna atakayejua."

Alisema vile kwa heshima, na Kisilu akalitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Kwa nini asilitake? Ndani kule alikuwa ameshinda. Kumi na tisa! Munyao mwenyewe ameomba msamaha, jambo ambalo halijatokea tangu Kitui iwe Kitui. Akisimama aseme, jina la Jicho limekwisha, watamcheka kutoka Emali mpaka Mwingi, na kabla hajafika nyumbani Mama Ndeti atakuwa ameshampigia mtu wa Wote. Akinyamaza, hakuna linaloharibika. Hakuna, ila wale wazee wanne wa Mbooni, atakaowapanga mwezi wa nane na kuwapiga picha kwa kubahatisha, ili tu aendelee kuitwa Jicho.

Akainuka, akajipangusa koti, akaingia.

Mutisya alikuwa amemaliza. "Bado kutuma tu," alisema, kidole kikiwa hewani. "Mzee Kisilu, nimeandika kwamba umoja wetu kwa pamoja umethibitisha kwa macho yake—"

"Ngoja," Kisilu alisema. "Usitume. Ukungu haupo kwenye lenzi. Lenzi ni nzima. Ukungu uko hapa." Akaligusa jicho la kulia. "Tangu mwezi wa kwanza nimekuwa nikianika kifaa kizima juani na kugombana na mke wangu, na kumbe mgonjwa ni mimi. Sioni kwa jicho langu la kupigia picha. Nimewadanganya bila kujua. Ni hayo tu."

Mama wa chai akatazama pembeni. Kisilu alisimama akisubiri wacheke, maana alistahili, na angalau wakicheka mapema watamaliza mapema.

Munyao ndiye aliyesema, kwa unyonge usio wake. "Lakini mimi niliuona."

"Uliuona nini?"

"Ule ukungu. Niliuona ndani ya lenzi."

"Haumo, Munyao. Ebla ameimulika."

Munyao akaichukua lenzi tena, akaichungulia, akaiweka. Jasho lilikuwa limemtoka. "Basi niseme ukweli. Sikuona kitu. Nyote mlisema mnaona, nikafikiri nikisema sioni mtajua macho yangu yameanza kuniacha. Na yameanza. Mnafikiri ile lenzi ndefu ninaitaka ya nini? Siwatambui watu wakiwa mbali. Mwezi uliopita nilimfuata baba wa bibi harusi uwanja mzima nikidhani ni mchungaji."

Hoteli ililipuka. Wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, kwa sababu mzee mmoja wa Mtito Andei alisema yeye pia hakuona ukungu, alifuata tu. Na mwingine akasema hivyo. Ikawa kumi na tisa walioapa kuona, na aliyeuona kweli hakuna. Ebla akawapanga mlangoni mmoja mmoja, kiganja jicho hili, kiganja jicho lile, wamsome mama wa machungwa. Wanne wakashindwa. Mutisya akaruhusiwa kuvaa miwani, akashindwa hivyo hivyo.

"Sasa niwaandikie nini watu wa kampuni?" Mutisya akauliza, akiwa ameharibikiwa na ajenda yake yote.

"Waandikie watusubiri wiki mbili," Munyao alisema. "Waambie wapiga picha wa Kitui na Makueni wameenda kwanza kuangaliwa macho. Tukirudi tutasema tunataka lenzi gani. Na yule binti wa Mwingi aanze kusema yeye."

Ikaandikwa hivyo, na ikatumwa hivyo. Kisilu akatoka nje, akaenda kusimama mahali palipo na kivuli kidogo, akampigia kwanza Mama Ndeti. Alimwambia yote bila kuzunguka. Mama Ndeti alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jicho likitibiwa huchukua muda gani kupona, na aliposikia ni wiki kadhaa tu, akasema, "Mwezi wa nane bado uko mbali. Nenda." Hakumtaja mtu wa Wote.

Kisha akampigia Ndunge. Huyo alimwogopa zaidi.

"Mama Kyule," alisema, "ile habari ya daktari uliyonitajia."

"Ile ya mwezi wa kwanza, au wa pili, au wa tatu?"

"Zote. Twende Jumatatu."

Kisilu alisikia kuku wa nyumbani kwao kwenye simu, na mlango ukifungwa.

"Na lenzi?" mkewe akauliza.

"Lenzi ni nzima."

"Nilijua," Ndunge alisema. "Nilijua tangu siku ile ya ndengu. Niliipangusa nikaiona ni safi. Nilikuwa nakuhurumia tu, Baba Kyule, sikujua nikuambie vipi."

Kisilu alitazama barabara, lori likapita, likamwachia vumbi.

"Hata mimi moyoni nilijua, niliogopa tu," alisema.